Nguo Isiyokatwa

Mji wa Migori hauna upungufu wa watu wenye midomo, lakini ukiuliza kwenye barabara ya Isebania ni nani usithubutu kumchezea asubuhi, utaelekezwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi la Hamud. Na si Hamud wanayemaanisha. Hamud ni mtu mpole, mzaliwa wa Malindi, huuza saruji na mabati na kusema alhamdulillahi hata mvua ikimlowesha mali. Wanamaanisha mkewe, yule mwanamke mfupi anayepima misumari kwenye mizani huku amejifunga nguo iliyofumwa kwa mkono, rangi ya damu ya mzee na samawati, imekunjwa kiunoni bila pini wala kamba na haijawahi kufunguka. Jina lake ni Sahnim. Wanaomheshimu humwita Mama Sumayya, kwa jina la binti yake wa pekee. Wasiomjua humwita Mchina, mara moja tu.

"Mchina ni nani?" huuliza, misumari ya mteja ikiwa bado mkononi mwake. "Kutoka kwetu mpaka China ni kama kutoka hapa mpaka Misri. Nikuite Mmisri?"

Kwao ni Lombok, kisiwa kimoja katika maelfu ya visiwa vya Indonesia, na yeye ni Msasak. Alikutana na Hamud mjini Jedda, yeye akifua na kupika katika nyumba ya watu, Hamud akiwaendesha watu hao hao garini. Wakaoana huko huko, na ami yake Hamud alipozeeka na kuwaachia duka, wakaja Migori. Hiyo ni miaka ishirini sasa. Kiswahili alikiokota sokoni, katikati ya wauza omena na wauza ndizi, kwa hiyo anakisema kama mtu wa Migori, na Kijaluo humo ndani. Wakwe zake wa Malindi wakimsikia hucheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hachekeshwi.

Miaka kumi na saba ya mwanzo hakuvaa cha kwao hata siku moja. Alivaa dera nyumbani na buibui barabarani kama wake wengine wa wafanyabiashara, asije akaulizwa maswali. Kisha mama yake akafa. Akafa Lombok, akazikwa Lombok, na Sahnim akapata habari akiwa anamhesabia mtu bawaba za milango. Miezi mitatu baadaye kikaja kifurushi kilichopitia mikono ya mahujaji: nguo tano, zote kazi ya mkono wa marehemu. Moja ilikuwa na ua ambalo kwao huitwa subahnale, kwa sababu mfumi akilimaliza salama hana la kusema ila subhanallah. Dada yake akampigia simu kumwambia kwamba wasichana wa mjini siku hizi wanavaa nguo hizi kila Jumanne, ofisini, chuoni, hata kwenye pikipiki, ili zisife. Sahnim akajibu kwamba Jumanne ni siku moja tu na mama yake hakufuma Jumanne peke yake.

Tangu kesho yake akavaa kila siku. Alivaa akipakia mabati, akavaa akienda kliniki, akavaa kwenye mkutano wa wazazi. Alipigwa picha na watu wasiomwomba ruhusa, na aliwafuata mpaka kwenye bodaboda zao akitaka picha zifutwe. Aliwaambia wauza vitenge wa sokoni kwamba hayo mapambo wanayoyaita ya Kiafrika yalianza kwa majirani zake wa Java, Wazungu wakayaiga kwa mashine na kuja kuwauzia wao. Wauza vitenge walipigana vikumbo kwa kicheko. Mchina sasa anadai mpaka vitenge, walisema. Lakini nyuma yake, na hili ninalisema kwa uhakika, wengine walianza kuuliza bei.

Kila aliyesimama dukani alipewa hotuba ile ile. "Nguo inakaa kwa sanduku ni maiti," alisema. "Toa, vaa, ichakae. Mkingoja siku kubwa mtavalishwa na wengine."

Maneno mazuri. Lakini Sahnim mwenyewe alikuwa na nguo sandukuni.

Haikuwa mojawapo ya zile tano. Hii ilikuja zamani, Sumayya alipozaliwa. Bibi yake mtoto aliifuma akiwa amekaa chini, miguu ameinyoosha, kitanda cha mfumi, zile fito za kufumia, amekifunga kiunoni mwake, na alichukua msimu mzima wa mvua. Ilikuwa nyembamba na ndefu, yenye mistari, na katika matamvua yake zilifungwa sarafu za kale zenye tundu katikati. Kwao huiita umbaq. Ni nguo ya kubebea mtoto, lakini ukiishia hapo hujasema kitu. Katika ukoo wa mama yake, umbaq hufumiwa mtoto mmoja. Hulazwa ndani yake, mama humtaja jina, na tangu hapo ni yake. Hunyolewa nywele za kwanza akiwa juu yake, hufunikwa nayo akiugua, na siku akifa hutandazwa juu ya sanda yake kabla hajatolewa nyumbani. Haikatwi. Haigawanywi. Wala haiondolewi kwa mtoto aliyekwisha kulala ndani yake, hata kama iliibwa, hata kama ilimfikia kwa makosa. Aliyelazwa ndiye mwenyewe.

Hamud alipoelezwa hayo, wakati huo Sumayya ana miezi miwili, alitikisa kichwa. "Hayo mambo ya hirizi, mke wangu. Nyumba hii mtoto ana Mungu wake, hana haja ya sarafu za tundu. Na usije ukamfundisha."

Sahnim hakubishana. Alikuwa mgeni, hana ndugu wala lugha. Alingoja Hamud aende sala ya Ijumaa, akaingia stoo, akamlaza mwanawe ndani ya ile nguo katikati ya makopo ya rangi, akamtaja jina sikioni. Kisha akaikunja na kuificha chini kabisa ya sanduku. Hakumwambia mtu. Hakumwambia hata mwenye nguo.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Sumayya ana miaka kumi na tisa, yuko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha Homa Bay, na kama wenziwe wote anaweka maisha yake kwenye simu kabla hajayaishi. Sahnim alifungua simu kuangalia kama saruji imetoka Kisumu, akakuta picha ya binti yake. Msichana amesimama kwenye uwanja wa chuo, nyuma yake vibanda vya siku ya utamaduni, mikono kiunoni, anacheka. Amevaa jaketi fupi lenye kola na mifuko miwili. Mistari damu ya mzee, mistari samawati, na uzi mmoja wa njano ambao bibi yake alikuwa akiupitisha ukingoni mwa kila kazi yake.

Sahnim aliikuza picha kwa vidole. Akaikuza tena. Kisha akapanda chumbani, akafungua sanduku, akatoa shuka zote mpaka akagusa mbao.

Hakukuwa na haja ya kuuliza ni nani aliyeshona. Jaketi za namna ile Migori zinashonwa na mtu mmoja, Kezia, ambaye kibanda chake kinatazamana na duka la Hamud, na ambaye kwa miaka kumi na tano amekuwa rafiki pekee wa Sahnim asiye na sababu ya kuwa rafiki yake. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na safari hii hawakuwa wakisema kwa mafumbo. Sahnim alivuka barabara bila kutazama magari.

"Nani alikupa ile nguo?"

Kezia aliinua macho kutoka kwenye cherehani. "Nguo gani, Mama Sumayya? Keti kwanza."

"Sikai. Ile ya mistari. Ile iko kwa mgongo ya Sumayya."

Uso wa Kezia ukafunguka wote. Miezi miwili alikuwa amekaa na siri hiyo, kwa sababu msichana alimwomba iwe zawadi ya kumshtua mama yake, na miezi miwili alikuwa akingoja kusifiwa. "Umeona? Si imemtoa vizuri? Ile kitambaa ni ngumu, ilinivunjia sindano mbili. Lakini kola imesimama."

"Uliikata."

"Sasa nishone jaketi aje bila kukata?"

Na hapo ndipo kosa lilipokuwa, wala si la Kezia peke yake. Migori nzima ingelifanya vivyo hivyo. Huku kwetu kitambaa hakijawa nguo mpaka fundi apitishe mkasi. Msiba, harusi, ukumbusho, mchango wa kanisa, wanawake hununua jora na kulipeleka likakatwe sare, na mtu akikuletea kitambaa kizima ukamrudishia kizima, umemtukana: umemwambia hafai kushonewa. Kezia alikata ile nguo kwa mapenzi. Alipima mara tatu. Ukimwambia alifanya ubaya, ni kama kumwambia mpishi alikosea kuwasha moto.

Lakini Sahnim siku hiyo hakuwa na nafasi ya kumfikiria mtu. Aliona mkasi mezani, ule mkubwa wa chuma wenye mikono myeusi, akauchukua na kuutupa kwenye mtaro wa maji machafu. Watu wa upande wa pili walisimama. Mwenye kibanda cha chapati alizima redio yake apate kusikia vizuri.

"Unajua umekata nini? Umekata mtoto wangu. Hiyo nguo ni ya kuzaliwa na ya kufa. Mama yangu alifuma kwa kiuno yake, mimi nikiwa mbali, na wewe unaweka mkasi kama ni pazia."

Kezia aliiacha cherehani. Kisha naye akasimama, na Kezia akisimama ni mrefu. "Min Sumayya," alimwita kwa Kijaluo, "wacha nikuulize. Si ni wewe unatusumbua hapa kila siku, nguo inakaa kwa sanduku ni maiti? Toa, vaa, ichakae? Msichana alikuja na hiyo nguo kwa karatasi, akaniambia Mama anataka nivae vitu za kwao, na mimi siwezi ingia darasa nimefunga shuka, watanicheka. Nikamsaidia. Nilidhani utanishukuru. Ungesema hii moja haikatwi, mkasi yangu ingejua aje?"

Sahnim alipekua vitambaa mezani. Linapokuja swali lisilo na jibu, mwenye hasira hutafuta jingine. "Iliyobaki iko wapi? Ile nguo ilikuwa ndefu."

Kezia alifungua droo, akatoa kikopo cha vifungo. Ndani, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, zilikuwa sarafu zote za tundu, zimesuguliwa zikang'aa. "Kwanza pesa yenu hii. Nilidhani ni zile senti za mkoloni. Sikuguza hata moja."

Sarafu amezitunza. Nguo ameigawa. Sahnim alicheka kicheko kimoja kikavu kilichowatisha watu kuliko ule mkasi. "Nguo, Kezia."

"Nilimpa Bonareri. Bibi ya ndugu yangu, yule Mkisii, ako Rodi Kopany. Alikuwa amezaa. Kipande ilikuwa inatosha kubeba mtoto, na ni kitu ya nguvu. Ningempelekea nini ingine?"

Wakatazamana. Kisha Kezia akashuka mtaroni mwenyewe, akauokota mkasi wake kwenye tope, akaupangusa kwa aproni. "Kesho nitakupeleka," alisema bila kumtazama. "Kwa sababu nimekata kitu ya mtu bila kujua. Lakini usinitupie kitu tena, Mama Sumayya. Hii mkasi ndio inasomesha watoto wangu."

Sahnim alirudi dukani. Hamud alikuwa ameyasikia yote, barabara nzima iliyasikia, naye akajaribu lile analojua, upole.

"Mke wangu, kitambaa ni kitambaa. Roho ya mtoto haikai kwenye uzi. Mtoto mzima, anacheka, unaona kwenye picha."

"Baba Sumayya, usiongee."

"Nasema tu hasira hasara."

"Hasara imeshaingia. Mtoto amekata nguo yake kwa sababu hakujua ni nguo yake. Na hakujua kwa sababu wewe ulinifunga mdomo. Ulisema nisimfundishe. Sikumfundisha. Umefurahi?"

Hamud alishika ndevu zake. Si mtu mbaya, na ninamtetea hapa kwa sababu hakujitetea: hata hakuwa akikumbuka. Neno alilolisema siku moja, mtoto akiwa wa miezi miwili, akalisahau kabla ya chakula cha mchana, mkewe alilibeba miaka kumi na tisa kama sheria ya nchi. "Mimi nilisema hivyo?" aliuliza. Na Sahnim, ambaye angevumilia akatazwe tena, akemewe, hata aapizwe, hakuweza kuvumilia hilo. Alimwachia mizani, misumari na wateja, akapanda juu akafunga mlango.

Jioni alimpigia binti yake. "Kesho saa nne uwe stendi ya Rodi Kopany. Na uje na hilo jaketi."

"Umeona picha? Mama, umependa?"

"Uje nalo."

Rodi Kopany si mbali na Homa Bay, na Sumayya alifika mapema. Alikuwa amelivaa. Jua lilikuwa kali, mtu angevua hata shati, lakini msichana alisimama pale stendi na jaketi lake limefungwa vifungo vyote, anatabasamu, na tabasamu likaisha mara alipouona uso wa mama yake na nyuma yake uso wa Kezia. Alianza kusema kitu. Sahnim alimpita, akasema tu, "Twende."

Bonareri alikuwa sokoni, nyuma ya magunia yake ya maharagwe, kijana wa kike mwenye macho ya usingizi. Mtoto wa miezi miwili alikuwa mgongoni mwake, ameshikwa barabara na kile kipande, na matamvua yalining'inia kifuani kwake penye fundo. Sahnim alikuwa na maneno yake tayari. Aliyapanga usiku, akayapanga tena asubuhi: hii ni mali ya mtoto wangu, mlipewa na asiye mwenyewe, fungua. Hakuwa amekuja kubembeleza.

Kezia alieleza kwa Kijaluo huyu mgeni ni nani. Bonareri akawahi kabla Sahnim hajafungua kinywa.

"Ni wewe mama wa hii nguo? Asante, mama. Mungu akubariki. Huyu hataki leso ingine. Nikimfunga na ingine analia mpaka jirani anakuja kuuliza. Hii akiingia, anashika huu uzi hivi, analala."

Akageuka waone. Kweli, mkono mdogo ulikuwa umekamata ule uzi wa njano wa ukingoni.

"Anaitwa nani?" aliuliza Sahnim.

"Levis."

"Unamwita hiyo jina akiwa ndani?"

"Namwita kila saa. Si ni jina yake?"

Sahnim alikuwa ameshanyoosha mkono, vidole viko kwenye fundo. Kulifungua ni kazi ya kuvuta mara moja. Lakini tangu jana alikuwa amepiga kelele kwa ajili ya sheria moja, amemtupia rafiki yake mkasi mtaroni kwa ajili yake, amemfungia mumewe mlango, na sheria hiyo hiyo sasa ilimshika mkono. Aliyelazwa ndiye mwenyewe, hata kama nguo ilimfikia kwa makosa. Akivuta, yeye ndiye atakayekuwa ameivunja kuliko wote, maana wenziwe hawakujua. Na asipovuta, basi amekuja Rodi Kopany kumpa mtu baki nguo ya mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Alitamani kumpiga mtu. Hakukuwa na wa kupigwa.

Akaachilia fundo.

"Sikiza," alimwambia Bonareri, na alisema kwa ukali, kama anayemkemea mwizi. "Amelala ndani yake na ametajwa jina, ni yake, haiondolewi kwake tena. Usiikate. Usimpe mtu. Usifanye tambara ya kupangusa meza. Siku ya kumnyoa nywele ya kwanza, mweke juu yake. Akiwa mgonjwa mfunike. Ukimfua nayo—" Alikosea, akarekebisha. "Ukiifua, fua peke yake, na usianike chini. Akikuwa mkubwa mwambie ni yake, mwambie ilifumwa na mwanamke hakumwona. Na siku akifa, hiyo nguo iende juu yake."

Bonareri alirudi nyuma, mkono mgongoni kwa mtoto. "Mama, unamtabiria mtoto yangu kifo? Mimi nimekukosea wapi?"

"Sitabiri. Hata akae miaka tisini. Nguo itangoja."

Kezia aliingilia kati kwa Kijaluo, haraka haraka, akimtuliza mke wa kaka yake, akisema huyu hana laana, ni mdomo tu, hata sisi ametuzoesha. Bonareri aliitikia kwa kichwa, lakini hakurudi karibu.

Ndipo Sahnim alipogundua kwamba binti yake ametulia mno. Sumayya alikuwa amesimama hatua mbili nyuma, mikono ameiingiza kwenye mifuko ya jaketi, na uso wake haukuwa tena wa msichana wa kwenye picha. Wale waliokuwa wakijiuliza mtoto huyu amerithi nini kwa mama yake wangepata jibu hapo.

"Hayo yote," alisema, "unamwambia yeye."

"Sumayya."

"Nilikuuliza, Mama. Nikiwa darasa la tano. Nilikuwa natafuta shuka za wageni nikaikuta. Nikakuletea jikoni nikakuuliza hii ni nini. Unakumbuka ulisema nini?"

Sahnim alikumbuka. Angependa awe kama Hamud, lakini alikumbuka mpaka sufuria iliyokuwa motoni.

"Ulisema ni kitambaa cha kufungia vyombo tukihama. Mimi nimekata kitambaa cha kufungia vyombo. Nikakishona vizuri ili hata mimi niwe na kitu cha kwenu cha kuvaa, kwa sababu zile zako hunipi, unazivaa wewe na kutuhubiria sisi. Chuoni nimesimama kwenye kibanda siku nzima nikiulizwa maana ya hii mistari. Unajua nilijibu nini? Nilidanganya. Niliwaambia watu mambo nimetoa kichwani."

"Baba yako alikuwa sebuleni," alisema Sahnim. "Siku ile. Angesikia."

"Alikuwa sebuleni siku moja. Mimi nimekaa kwako miaka kumi na tisa. Huyu hata kukaa hajui, na ameshaambiwa mpaka kuzikwa kwake."

Watu walikuwa wameanza kusogea, kama wanavyosogea sokoni kila mahali ambapo mtoto anamjibu mzazi. Bonareri alijifanya anapanga maharagwe. Sahnim alihisi macho yao, na hasira, ambayo haijui njia ila ile iliyozoea, ikapita pale pale ilipopita siku zote.

"Vua hilo jaketi."

"Sivui."

"Sumayya, nimekuambia vua."

"Umesema mwenyewe, nimekusikia. Haiondolewi kwa aliyelala ndani yake. Mimi ulinilaza au hukunilaza?"

Kezia alimtazama rafiki yake, akangoja naye jibu.

"Nilikulaza," alisema Sahnim.

"Ukanitaja jina?"

"Nikakutaja."

"Basi usiniguse."

Msichana akageuka, akapita katikati ya magunia kuelekea stendi ya magari ya Homa Bay, wala hakukimbia. Sahnim hakumwita. Alibaki akiutazama ule mgongo mpaka ukaingia garini, na kwa kuwa ni mtoto wa mfumi, aliona hata kile ambacho hakutaka kukiona: Kezia alikuwa ameilinganisha mistari yote pale vipande viwili vilipokutana, mstari kwa mstari, na mshono haukuonekana.